Uzi wa Buluu Kwenye Kopo la Samaki

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya watu waliojaa ukumbi hadi mlangoni. Waliokosa wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani. Picha za ukutani tu ndizo nimeziondoa, maana bila mimi kuzielekezea kidole hazisemi kitu.

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja kusikiliza habari za samaki ambaye amekwisha kufa, kupikwa na kufungwa.

Nimekuja na visahani viwili vya kioo. Viko hapa mezani, vimefunikwa. Kimoja kina mabaki ya kopo moja la sadini. Cha pili hakijawahi kukutana na samaki. Nitavipitisha mvione, lakini si sasa.

Kazi yangu ni kuyeyusha samaki. Cheka tu, mzee wangu, hata nyumbani kwangu wanacheka. Nafungua kopo, namimina nyama na mafuta yake kwenye chupa ya kioo, naongeza dawa kali iitwayo potasiamu haidroksaidi, ndugu yake magadi lakini mkali mara nyingi zaidi, kisha naiacha kwenye joto la nyuzijoto 40 kwa siku mbili tatu. Nyama inayeyuka. Ngozi inayeyuka. Kinachobaki ni kimiminika cha rangi ya chai, na harufu ambayo sitaisimulia kwa kuwa kuna watu hapa hawajala. Namimina kile kimiminika kwenye chujio lenye matundu membamba kuliko unywele. Kisichoyeyuka kinabaki juu: punje za mchanga, vipande vya mfupa, na mara nyingine kitu ambacho samaki hakuzaliwa nacho. Kitu hicho ndicho kilichotuleta hapa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kopo la tatu, nikaweka chujio chini ya hadubini nikaona uzi. Uzi wa buluu, umejikunja kama herufi S, mrefu kiasi cha milimita moja. Nikaruka kwenye kiti. Nikaita wenzangu. Tukaupeleka kwenye mashine inayopiga miale ya infraredi, ile inayomulika kitu na kukuambia kimetengenezwa na nini. Jibu likaja: akriliki. Plastiki halisi, ndani ya samaki wa kopo. Mimi tayari nilikuwa naandika kichwa cha ripoti akilini.

Msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima asiyecheka ovyo, akaja akatazama kwenye hadubini. Hakunipongeza. Akauliza swali moja tu: "Chupa tupu iko wapi?"

Niwaeleze chupa tupu. Kila tunapoyeyusha samaki, tunaandaa chupa moja ambayo inafanyiwa kila kitu sawasawa na zile nyingine, dawa ileile, joto lilelile, chujio la aina ileile, ila haina samaki. Nikaileta. Tukaitazama. Ilikuwa na nyuzi mbili. Za buluu. Zimejikunja vilevile.

Yule mama akanishika mkono taratibu, akainua pindo la koti langu jeupe la maabara. Chini yake lilichungulia sweta langu. La buluu. Akasema, "Mwanangu, hapa umejipima mwenyewe." Akaondoka.

Tangu siku ile navaa nguo za pamba, na koti langu la kazi ni la rangi ya chungwa iliyokolea, rangi ambayo sitarajii kuikuta ndani ya samaki. Uzi wa rangi hiyo ukionekana kwenye chujio, najua mwenyewe ni nani.

Kwa nini nawasimulia aibu yangu? Kwa sababu mtakapotoka hapa mtakutana na takwimu nyingi za plastiki kwenye samaki, na kila mkikutana na moja, ulizeni kama alivyouliza yule mama. Chupa tupu iko wapi?

Tuanze na jina. Chembe hizi tunaziita mikroplastiki, yaani vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5, kuanzia ukubwa wa punje ya mchele kushuka hadi kile ambacho jicho halikioni. Jina lilienea kuanzia 2004, baada ya makala ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake. Kilichonivutia mimi katika kazi yao ni ghala. Kwa miongo mingi meli zimekuwa zikivuta nyuma yao vifaa vya kunasa viumbe wadogo wa baharini, na sampuli zake zinahifadhiwa. Wakarudi kwenye sampuli zilizonaswa tangu miaka ya 1960, wakazipekua, wakakuta plastiki imo, na inaongezeka kadiri miaka inavyosogea. Ilikuwa imekaa pale kwenye rafu muda wote huo. Hakuna aliyekuwa ameitafuta.

Sasa njooni kwenye samaki. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za samaki 504 waliovuliwa kwenye bahari nyembamba iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Asilimia 36.5 walikuwa na plastiki tumboni. Zaidi ya theluthi moja! Mwaka 2017 wengine wakachapisha habari za samaki 400 wa Bahari ya Kaskazini, jirani hapohapo, lakini hawa walibana masharti ya usafi wa maabara kuliko ilivyokuwa kawaida. Walipata samaki wangapi wenye plastiki? Semeni namba yoyote.

Nasikia mia. Nasikia hamsini.

Mmoja. Samaki mmoja kati ya 400, na ndani yake chembe mbili.

Je, kuna aliyesema uongo? Hapana. Samaki si wa aina moja, machujio si ya ukubwa mmoja, na hata neno plastiki halikukatwa kwa kisu kimoja. Zaidi ya nusu ya kile walichokipata wale wa kwanza kilikuwa rayoni, uzi unaotokana na mti lakini umepitishwa kwenye kemikali za kiwandani mpaka mti wenyewe haujitambui. Rayoni ni plastiki? Waulize wataalamu wawili, utapata majibu matatu.

Kwenye makopo ni hivyohivyo. Mwaka 2018 Ali Karami na wenzake walichapisha uchunguzi wa chapa 20 za sadini na samaki wadogo wa jamii yao, kutoka nchi 13. Chapa 16 hazikuwa na plastiki waliyoweza kuipata. Nne zilikuwa nayo, kati ya chembe 1 na 3 kila moja. Miaka miwili baadaye, Iran, makopo ya jodari na vibua: asilimia 80 ya sampuli zilikuwa na angalau chembe moja, na nyingi zilikuwa nyuzi. Watafiti wa Iran wenyewe hawakukimbilia kuilaumu bahari. Waliandika kwamba chembe zingeweza kutoka kwa samaki, au kwenye viungo vilivyoongezwa, au wakati wa kumsafisha na kumfunga. Msome mtu anayeandika hivyo. Huyo ameshawahi kuulizwa habari za chupa tupu.

Na si kila aliyeandika aliulizwa kwa wakati. Mwaka 2016 jarida la Science, jarida kubwa kabisa, lilitoa makala ya watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala iliyosema vifaranga vya samaki wanaiona plastiki tamu kuliko chakula chao. Dunia nzima ikaibeba. Wanasayansi wenzao wakauliza: data iko wapi? Wakajibiwa kompyuta iliyobeba data imeibiwa. Mwaka uliofuata makala ikaondolewa. Lakini hadi leo nakutana na watu wazima wakiisimulia ile habari kana kwamba walikuwepo. Uongo ukishapanda basi, ukweli hubaki kituoni ukipunga mkono.

Na ukweli wenyewe ulitosha bila kuongezwa chumvi. Mwaka 2017 Matthew Savoca na wenzake waliwafanyia majaribio samaki wadogo waitwao anchovi. Walimwaga kwenye tangi maji yenye harufu ya plastiki iliyokaa baharini na kuota utando wa viumbe wadogo. Samaki wakajikusanya, wakaanza kuzungukazunguka kama wanavyofanya wakisikia harufu ya chakula. Harufu ya plastiki mpya haikuwashughulisha. Kwa hiyo samaki hana uroho wa plastiki, ila pua yake inamdanganya. Na anayedhani haya ni mambo ya maji ya chumvi tu, mwaka 2016 zilichapishwa habari za sangara na sato wa Ziwa Victoria walionunuliwa Mwanza: plastiki ilithibitishwa kwa mmoja katika kila samaki watano, sangara kwa sato.

Sasa najua kuna mama hapa amekaa ananiangalia kwa jicho la pembeni, anasema moyoni: huyu naye, si tunatoa matumbo?

Mama, swali lako ni zuri, na kwa muda mrefu wataalamu walikuwa upande wako. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema mwaka 2016 kwamba kwa kuwa matumbo ya samaki huondolewa, wasiwasi uende zaidi kwa viumbe wanaoliwa wazima, kama kome. Mantiki yake ni safi. Basi kikaja kile kikundi cha Karami, mwaka 2017, na samaki wakavu. Aina nne za samaki waliokaushwa. Wakatenganisha: matumbo na matamvua huku, nyama iliyosafishwa kule. Kwa aina mbili kati ya hizo nne, upande wa nyama ndio uliokuwa na chembe nyingi zaidi.

Subirini. Rudieni hilo taratibu. Upande uliosafishwa ulikuwa na plastiki nyingi kuliko upande wa kutupwa.

Plastiki ilipitaje? Chembe ndogo sana huenda zinapenya ukuta wa utumbo, ndiyo. Lakini mfikirieni samaki mkavu alivyoishi baada ya kufa. Analala wazi, anapigwa na upepo na vumbi, anafungwa na kufunguliwa. Ameishi siku nyingi nje ya maji kuliko nilivyofikiria nilipokuwa namlaumu bahari. Na hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, maana mpaka wakati ule nilikuwa na mlango mmoja tu kichwani, mlango wa bahari.

Tuna msemo wetu kwamba samaki mmoja akioza wote huoza. Mimi nimekaa na samaki miaka hii yote nikagundua tumejifunza vizuri sana kumlinda asioze. Tumemtia kwenye kopo, tumempika kwa joto kali, tumemnyima hewa. Kisichooza ndicho hatukukiwekea mlinzi.

Twendeni naye kiwandani. Nimeingia kwenye viwanda viwili vya kufunga samaki, na niseme mapema: vilikuwa visafi. Ukidondosha mnofu sakafuni unatupwa. Wafanyakazi wamefunika nywele, mikono, viatu. Bakteria hana pa kukanyaga. Lakini tazameni kwa jicho la mtu wa sweta la buluu. Samaki anashuka kwenye mkanda wa plastiki unaozunguka mchana kutwa. Anakatwa juu ya ubao wa plastiki wenye mikwaruzo elfu. Anashikwa kwa glavu za plastiki. Anawekwa kwenye kreti ya plastiki. Anaoshwa kwa maji yaliyopita kwenye bomba la plastiki. Anatiwa chumvi, na chumvi nayo ina habari zake: chapa 39 kutoka nchi mbalimbali zilipopimwa mwaka 2018, zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na mikroplastiki. Kisha anafunikwa kwa nailoni au analazwa kwenye kopo ambalo ndani limepakwa utando mwembamba wa plastiki ili bati lisishike kutu. Vyote hivi viliwekwa kwa ajili ya usafi! Plastiki ndiyo iliyotuokoa na ubao wa mti uliojaa vijidudu.

Huo ubao wa kukatia umeshapimwa. Mwaka 2022 huko Falme za Kiarabu watafiti walichunguza samaki na kuku waliokatwakatwa juu ya mbao za plastiki wakakuta vipande vya polietilini kwenye nyama, plastiki ileile ya ubao wenyewe. Kila kisu kikishuka, kinakula samaki kidogo na ubao kidogo.

Na trei je? Ile nyeupe, nyepesi, ya povu? Wafaransa waliichunguza kwenye nyama ya kuku, habari zikatoka mwaka 2020. Walikuta chembe za polistairini juu ya nyama, kati ya 4 na 19 kwa kilo, zinazofanana na trei yenyewe. Wakasuuza. Hazikutoka kirahisi. Kuku, ndugu zangu! Kuku haogelei. Maji ya chupa nayo, mwaka 2018 Sherri Mason na wenzake walipima chupa 259 za chapa 11 kutoka nchi tisa, wakakuta asilimia 93 zina chembe, na katika zile kubwa walizoweza kuzitambua zaidi ya nusu zilikuwa polipropilini, plastiki ambayo mara nyingi ndiyo hutengenezewa vifuniko vya chupa. Yaani kitendo cha kufungua tu.

Bado kuna anayesema ni bahari peke yake? Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani wa vyakula 16 vya protini: nyama, samaki, kamba, hadi vile vipande vya mimea vinavyotengenezwa vifanane na nyama. Asilimia 88 ya sampuli zilikuwa na chembe. Walioongoza ni kamba waliopakwa unga wa mkate. Na kwa ujumla, kadiri chakula kilivyopita kwenye mikono na mashine nyingi, ndivyo chembe zilivyoongezeka. Hata vile vya mimea vilikuwa nazo. Mmea ule haujawahi kuvuliwa na wavu wowote.

Niliwahi kuandikia kiwanda kimoja, jina nalihifadhi. Niliuliza kwa adabu: samaki wenu mnawapima mikroplastiki kabla ya kufunga na baada ya kufunga? Maana ukipima mara mbili utajua ngapi zimetoka baharini na ngapi ni zako. Baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa barua yenye nembo. Ilisema: bidhaa zetu zinakidhi viwango vyote vilivyowekwa kuhusu mikroplastiki.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Barua ile ilikuwa kweli tupu. Zebaki kwenye samaki ina kikomo. Madini ya risasi yana kikomo. Histamini, sumu ya jodari aliyeanza kuharibika, ina kikomo. Mikroplastiki? Codex, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya vyakula, hakijaweka kikomo chake. Ulaya haina. Unakidhi viwango vyote pale ambapo hakuna hata kimoja. Mimi pia ni bingwa wa mbio ambazo hazijawahi kukimbiwa.

Simlaumu sana yule aliyeiandika. Kikomo huwekwa ukijua kiasi gani kinadhuru, na hapo ndipo pagumu. Sasa tuongee habari ya madhara, na naomba mnivumilie kwa sababu hapa watu wengi hutaka niwatishe, na wengine hutaka niwatulize, na nitawaudhi wote.

Mmesikia kwamba kila wiki tunakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki? Inueni mikono waliosikia. Karibu wote. Habari hiyo ilienea mwaka 2019, kutoka hesabu za Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia. Makala yao ilipochapishwa ilionyesha kwamba kiasi kinaweza kuwa kuanzia sehemu moja ya kumi ya gramu hadi gramu 5 kwa wiki. Vichwa vya habari vikashika zile 5. Mwaka 2021 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, wakapiga hesabu kwa njia nyingine, wakajumlisha samaki, kome, maji, chumvi, bia, maziwa na hewa, wakapata kwa mtu mzima wa kawaida mikrogramu 4 hivi kwa wiki, yaani sehemu nne za milioni za gramu. Kwa kiasi hicho, kuimaliza kadi moja kutakuchukua zaidi ya miaka 20,000. Chakula kilekile, binadamu yuleyule! Tofauti ni mara milioni moja. Ndiyo maana nawang'ang'ania na swali la yule mama.

Kuna utafiti mmoja naupenda kuliko yote, wa mwaka 2018, wa Scotland. Walitaka kujua kome wanatuingizia chembe ngapi. Wakapata kwa mlaji wa kawaida wa Uingereza chembe 123 kwa mwaka. Lakini mtu mmoja pale akawa na akili ya pembeni: wakaweka visahani vyenye gundi kando ya sahani za watu wakati wa chakula cha jioni, nyumbani kwao, wavue vumbi linaloshuka. Vumbi lile, kutoka kwenye makochi, mapazia na nguo, lilionyesha kwamba nyuzi zinazotua kwenye sahani ya mtu kwa mwaka ni kati ya 13,731 na 68,415. Umekaa unamkagua kome kwa mashaka, na pazia linakumwagia juu ya kichwa.

Sisemi basi hakuna shida. Mwaka 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya madaktari wa Italia. Wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo. Wakayapima yale mafuta. Kwa wagonjwa 150 mlikuwa na polietilini. Wakawafuatilia kwa miezi 34 hivi. Wale wenye plastiki walikuwa na hatari mara nne na nusu ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa. Je, hiyo inathibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyowadhuru? Hapana, na wao wenyewe wamesema hivyo. Pengine anayepata plastiki nyingi anaishi maisha yenye hatari nyingine. Lakini mimi niliposoma ile karatasi niliiweka mezani nikatoka nje kidogo.

Ukubwa wa chembe ndio wa kuutazama. EFSA walisema zile zinazozidi mikromita 150, yaani milimita 0.15, kwa sehemu kubwa zinapita tu, zinaingia na kutoka. Zile ndogo mno ndizo zinazoweza kuvuka ukuta wa utumbo. Na zile ndogo mno ndizo ambazo mashine nyingi za maabara, yangu ikiwemo, hazizioni. Kwa hiyo tunahesabu kwa bidii zile ambazo huenda hazina neno.

Kijana mmoja hapo mbele ameniandikia swali kwenye karatasi kabla hatujaanza: niache kula samaki wa kopo? Mimi sijaacha. Samaki anatupa protini, vitamini D, iodini na mafuta mazuri kwa moyo, na faida hizo zimepimwa miaka mingi kwa mizani isiyobishaniwa. Ukiacha samaki ukahamia kwenye vipande vilivyopakwa unga na kufungwa mara mbili, umekimbia mvua ukajificha chini ya mchirizi. Nyumbani kwangu nimebadilisha mambo machache tu: ubao wa kukatia ni wa mti na unasuguliwa kila siku kwa maji ya moto, mnofu unahama kwenye trei siku uliponunuliwa, na chakula hakipashwi moto ndani ya plastiki. Madogo, najua.

Kubwa liko kwa anayefunga. Ninachokitaka mimi kutoka kiwandani ni kitu kimoja, na si kikomo, maana kikomo kitangoja sayansi. Nataka apime mara mbili. Mara moja samaki anapoingia mlangoni, mara moja anapotoka na lebo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo yake, haiwezi kusingiziwa bahari. Chupa, chujio, dawa na hadubini havihitaji kusubiri mkataba wa mataifa wa plastiki, ambao mazungumzo yake yalivunjika tena Geneva mwezi Agosti 2025. Na akipima, aweke na chupa tupu pembeni. Nitamtembelea nikiwa na koti langu la rangi ya chungwa.

Sasa visahani. Hiki cha mkono wa kulia ni kopo la sadini. Hiki cha kushoto ni chupa tupu ya siku hiyohiyo. Kila kimoja kina uzi mmoja, mtauona mkikiinua kuelekea kwenye taa. Wa kulia ni mweusi, wa kushoto ni mweupe. Anzeni na safu ya mbele, mama, pokea. Mpitishieni na mwenzako kwa mikono miwili.

Ila naomba kitu kimoja. Msifungue vifuniko. Mkivifungua, kabla havijafika safu ya tatu vitakuwa vimejaa nguo zenu.